Aliye Juu

Simu sitini na moja tangu kimbunga kipite juzi,
zote nimeziandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme:
Bi Tolliver, msonobari juu ya paa la jikoni;
kanisa la Mlima Nebo, mwaloni umelalia makaburi;
mtu asiyetaja jina, analia, anasema ni gari tu, gari tu.

Hollis amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni,
katalogi ya kreni imefunguka pajani.
"Verlene," anasema, "tungekuwa na watu kumi,
kumi tu, na malori mawili,
kaunti nzima tungeimaliza kabla ya Krismasi."

Simjibu. Namtazama goti.
Goti la miaka hamsini na minane lina lugha yake.

Tulikuwa wakubwa sisi, usidhani hatuujui ukubwa.
Malori sita ya kijani, jina letu ubavuni kwa herufi za dhahabu,
tawi Waycross, tawi Valdosta.
Hollis alicheka siku ya kukata utepe:
"Maisha yangu yote nakata matawi,
leo nafungua matawi!"
Mti hauendi ila kwa nyenzo,
nami ndiye niliyeziandikia hundi hizo nyenzo:
bima ya malori, bima ya watu,
riba ya benki iliyoamka kabla ya jogoo
ikanywa kahawa yetu kabla yetu.
Mashine ya kusaga matawi ilitaka kulishwa kila siku;
usipoipa mti, inakula nyumba.
Tukaanza kukata miti isiyo na kosa.
Mwaloni mzima, mbichi, wenye kivuli cha kutosha harusi,
mwenye nyumba anauliza, "Kwani ni lazima?"
na kijana wetu wa mauzo, shati limenyooka, anajibu, "Ni lazima,"
kwa sababu mishahara ya Ijumaa ilikuwa lazima.

Kabla ya hayo yote nilikuwa na kazi moja.
Yeye juu, mimi chini na kamba.
Watu husema aliye juu mngojee chini,
husema kwa kijicho, wakisubiri kishindo.
Mimi nilimngoja kwa viganja viwili,
kamba imezunguka shina mara mbili,
nikiusikia uzito wa tawi kabla halijakatika.
Kisha nikapewa ofisi yenye kiyoyozi,
glavu zangu zikakaukia kwenye msumari.

Asubuhi moja ya Machi, simu kutoka Valdosta.
Kijana ameanguka. Nesi akauliza jina.
Eliseo, nikasema.
Eliseo nani? Nikafungua droo.
Kuna dawa inayomdhuru? Nikafungua droo nyingine.
Tumpigie nani?
Droo zote wazi, zimenitolea ndimi,
nami nawaza swali moja tu:
nani alikuwa akimngoja chini?

(Alipona. Mguu mmoja umepungua kidogo.
Anauza matairi Tifton, na kila Desemba
hutuletea tamale zimefungwa kwa taulo.
Sistahili. Nakula.)

Tukauza malori matano.
Lakini udogo nao si malaika, nisikudanganye.
Mwaka jana homa ilimlaza Hollis wiki mbili,
na kampuni nzima ikalala naye kitanda kimoja.
Tulikula maharagwe tukawa hatutazamani.
Na Bi Tolliver, kwa kuwa sisi ni wawili,
atakaa siku nne chini ya turubai,
na Alhamisi wanasema mvua.
Yule wa gari, sitampigia kamwe.

Nimechagua sita kati ya sitini na moja.
Waliobaki nimewapa namba ya wale wa Atlanta wenye kreni.
Huenda ni watu wema. Huenda kuna mtu kule
anayejua jina la ukoo la kila mpandaji.
Natamani kumjua, nimuulize anafanyaje.

Saa kumi na moja alfajiri. Katalogi imeanguka mvunguni,
hakuna aliyeinama kuiokota, wala hakuna aliyeitupa.
Hollis anavaa soksi ya pili.
Goti linasema kitu.
Nazitoa glavu msumarini
na kutangulia nje kuikagua kamba, inchi kwa inchi,
kwa kurunzi.